UZI: Benidorm (Hispania) kwa bajeti ndogo – usafiri, malazi, chakula, na pesa inavujia wapi

#1 Mla_Ngisi (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Kila ikikaribia Juni maswali ya Benidorm yanaanza: mji ukoje, tunafikaje, pesa kiasi gani. Naweka msingi, wajuzi wengine waongezee palipopungua.

Benidorm iko jimbo la Alicante, pwani ya mashariki ya Hispania, kama kilomita 60 kutoka uwanja wa ndege wa Alicante-Elche (tafuteni kwa herufi ALC). Fukwe kubwa za mchanga ni mbili. Levante, yenye urefu wa kama kilomita 2, ndiyo ya baa, muziki na Waingereza. Poniente, kama kilomita 3, imetulia zaidi na Wahispania wenyewe huipenda hiyo. Kati yake kuna mji wa kale juu ya mwamba, na chini ya mwamba kuna kijifukwe kidogo kiitwacho Mal Pas.

Unafuu wa hoteli zake hauji kwa bahati. Mwaka 1956, chini ya meya Pedro Zaragoza, mji ulichorewa mpango wake, na baadaye kikomo cha urefu wa majengo kikaondolewa. Ndiyo maana mnaona maghorofa kama mianzi: Gran Hotel Bali, iliyofunguliwa 2002, ina mita 186. Vyumba vingi juu ya kiwanja kidogo. Pili, hoteli nyingi hazifungi majira ya baridi, kwa sababu serikali ya Hispania huchangia safari za wastaafu wake kupitia mpango wa IMSERSO, nao huja tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa kiangazi.

Mji umebanana namna hiyo, kwa hiyo gari halihitajiki kabisa. Ukikodi gari utalipia maegesho kila siku kwa kitu kinacholala.

#2 Reli_na_Barabara

Uwanjani hadi mjini kuna njia tatu.

1. Basi la kampuni ya ALSA la moja kwa moja. Dakika 45 hadi 50, nauli karibu euro 10. Nunua mtandaoni mapema. Julai na Agosti yanajaa, na ukikosa moja unasubiri linalofuata na mizigo yako. Usikate la saa ile ile ndege inayotua. Kwa mwenye begi la kupokea, acha saa moja na nusu.

2. Basi C6 hadi Luceros katikati ya Alicante (chini ya euro 4), kisha ushuke chini ya ardhi upande tramu L1 hadi Benidorm, kama saa moja na robo. Tramu huwa kila nusu saa mchana. Kosa la kawaida: Luceros inapitiwa na mistari kadhaa, na L3 inaishia El Campello. Soma namba mbele ya tramu, usifuate tu watu wenye mabegi. Tiketi inanunuliwa kwenye mashine kabla ya kupanda.

3. Teksi, euro 80 na kuendelea. Ina maana kwa watu wanne wanaotua usiku wa manane, vinginevyo hapana.

Stesheni ya tramu ya Benidorm iko juu ya mji. Kushuka baharini ni kama dakika 20 kwa miguu, na ni mteremko. Siku ya kurudi mteremko huo unageuka mlima, kwa hiyo ongeza muda.

Na kuhusu begi la bure la ndege, kila shirika lina kipimo chake. Ryanair sasa ni sm 40x30x20, easyJet 45x36x20. Pima pamoja na magurudumu na mkono. Watu hupima kitambaa tu, kisha wanatozwa mlangoni pesa inayozidi tiketi.

#3 Binti_Kisauni

Asanteni. Mimi niko Ujerumani na kadi ya ukaaji, dada yangu yuko Mombasa, na binamu yuko Uingereza. Tunataka kukutana huko. Nani anahitaji viza?

#4 Mzee_wa_Makaratasi

Dada, wewe huhitaji. Kadi ya ukaaji ya nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani na Hispania zimo) pamoja na pasipoti hai vinakutosha, siku 90 ndani ya siku 180. Beba vyote viwili. Kadi peke yake haitoshi.

Binamu, kama pasipoti yake ni ya Kenya au Tanzania, anahitaji viza hata kama ana ukaaji wa Uingereza. Hapo wengi hunaswa, tena uwanjani wakiwa na tiketi mkononi.

Dada wa Mombasa aombe viza ya Schengen kwa Hispania. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, chini ya hapo bure. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini usisubiri hizo siku 15, maana kupata miadi peke yake kunakula wiki. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, inayofanya kazi nchi zote za Schengen.

Ushahidi wa pesa: Hispania huhesabu asilimia 10 ya mshahara wake wa kima cha chini kwa mtu kwa siku, na jumla isipungue asilimia 90 ya mshahara huo. Kwa kiwango cha 2025 ilikuwa euro 118.40 kwa siku, kiasi cha chini euro 1,065.60 hata ukikaa siku tano. Si kwamba utazitumia. Ni za kuonyesha. Pesa iliyoingia kwenye akaunti kwa mkupuo siku tatu kabla ya maombi inatia shaka kuliko salio dogo lililotulia.

Akifikia kwa mtu binafsi badala ya hoteli, mwenyeji anatakiwa kuchukua barua ya mwaliko (carta de invitación) kwenye polisi ya huko. Barua uliyoandika mwenyewe haikubaliwi. Kwa likizo ya wiki moja hoteli ni rahisi zaidi.

Jingine fupi: tangu 12 Oktoba 2025 mpakani wameanza mfumo wa kielektroniki wa kusajili wageni wa muda mfupi, wa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri. Foleni inaweza kuwa ndefu, hesabuni hilo mnapokata basi.

#5 Funguo_Mbili

Malazi. Kwa Benidorm hoteli yenye chakula mara nyingi inashinda nyumba ya kukodi, tofauti na miji mingine. Jifunzeni maneno matatu ya kwenye bei: *media pensión* ni kifungua kinywa na chakula cha usiku, *pensión completa* ni milo mitatu, *todo incluido* ni vyote na vinywaji. Mtego uko kwenye mawili ya kwanza: kinywaji cha mezani usiku hulipiwa kando, na hoteli nyingi haziruhusu kuingia na chupa yako. Maji ya euro 2 au 3 kila usiku kwa watu wanne kwa siku saba si mchezo. Omba maji ya bomba. Sheria ya taka ya 2022 (Ley 7/2022) inazitaka hoteli na migahawa kutoa maji ya bomba bure kwa mteja. Sema *agua del grifo*. Yana ladha ya dawa kidogo lakini ni salama.

Angalieni mwinuko kabla ya kulipa. Eneo la Rincón de Loix, mwisho wa Levante, lina hoteli zinazoandikwa "mita 600 kutoka ufukweni", na mita zenyewe zinapanda kilima. Kwa mama mwenye magoti mabovu au familia yenye kigari cha mtoto hilo ni tatizo la kila siku. Fungua ramani ya picha za mtaani, tembea njia yote kwa kidole kabla ya kulipa.

Nyumba ya kukodi ya mkoa wa Valencia (Benidorm imo humo) lazima iwe na namba ya usajili inayoanza na VT kwenye tangazo. Hakuna namba, hakuna malipo. Na mtu akikuambia "toka kwenye programu, nitumie benki nikupunguzie", funga mazungumzo hapo hapo. Jumlisha ada ya usafi na amana kabla ya kulinganisha bei; ada ya usafi ya usiku mbili na ya usiku kumi ni ile ile, kwa hiyo kukaa siku chache kwenye nyumba ni hasara.

Kodi ya watalii haipo mkoa huu. Sheria yake ilipitishwa 2022 ikafutwa kabla ya kuanza kutumika. Mtu akikudai kwa jina hilo mapokezi, muulize ni ya nini. Ila kuandika taarifa za pasipoti yako na kukuuliza anwani na simu ni halali, hoteli zote zinalazimika kupeleka taarifa za wageni serikalini.

#6 Mla_Ngisi

Chakula nakichukua mimi.

Mlo mkuu Hispania ni wa mchana, na bei nzuri iko mchana. Tafuta ubao wenye maneno *menú del día*. Kwa euro 12 hadi 16 unapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Unaanza kupatikana saa saba mchana, na saa tisa na nusu jiko linafunga. Ukienda saa kumi jioni utauziwa vya bei ya kawaida vya watalii. Kabla ya kukaa soma mstari mdogo wa chini: *bebida no incluida* maana yake kinywaji hakimo, *IVA no incluido* maana yake kodi itaongezwa, *suplemento terraza* maana yake viti vya nje vina nyongeza. Sehemu nyingi mlo huu ni Jumatatu hadi Ijumaa tu.

Mgahawa wa mstari wa mbele ya bahari wenye picha za paella (wali wa Kihispania) kumi kwenye bango la plastiki, pita. Picha zile zile utaziona mgahawa wa jirani kwa sababu chakula chenyewe kimetoka kiwandani kikiwa barafu. Wali wa kweli huchukua kama dakika 20 tangu mchele uingie kwenye sufuria, na kwa kawaida hupikwa kwa watu wawili au zaidi. Ukiletewa ndani ya dakika saba, basi umepashwa moto tu. Mkipata *arroz a banda*, kuleni: mchele umeiva ndani ya supu ya samaki, rangi ya kahawia, na samaki wenyewe huliwa pembeni. Mtu wa pwani ataelewa mara moja. Ngisi wa kuchoma kwenye bamba ni *calamar a la plancha*. *Sepia* ni dome.

Vitafunwa viko mtaa wa Santo Domingo, mji wa kale. Kwenye baa zenye vipande vilivyochomwa vijiti, unahesabiwa vijiti. Vipande vinne na soda mbili vinaweza kufikia bei ya mlo kamili wa mchana, kwa hiyo hapo ni pa kuonja, si pa kushiba.

#7 Mwana_wa_Pemba

Kwa sisi tusiokula nguruwe, nyongeza. Hatari si nyama inayoonekana, ni ile iliyojificha. Dengu (*lentejas*) hupikwa na chorizo (soseji ya nguruwe). Maharage mabichi hutiwa vipande vya *jamón* (paja la nguruwe lililokaushwa). *Croquetas* (vibonge vya kukaanga) nyingi ni za *jamón*. Baadhi ya mikate na keki zina *manteca*, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Kusema *sin carne* hakutoshi, kwa sababu wahudumu wengi hawahesabu *jamón* kuwa nyama! Sema *sin cerdo, sin jamón*. Samaki wa kukaanga aulizwe mafuta yake kama wanakaangia kitu kingine humo.

Maduka ya nyama yaliyoandikwa *carnicería halal* huwa mitaa ya nyuma wanakoishi Wamoroko, si karibu na bahari. Bei yake kwa kuku na kondoo ni nzuri, hivyo mwenye nyumba yenye jiko atafaidi.

Kinywaji cha kujaribu ni *horchata*. Kinatengenezwa na vijiazi vya chufa, ambayo ni jamii moja na ndago, ile ile inayowatesa wakulima wetu shambani. Wao wanaipanda, wanaikamua, wanaiuza glasi.

#8 Kijiwe_cha_Nairobi

Tahadhari moja kubwa kwenye njia ya kandokando ya Levante. Mtaona jamaa amechuchumaa, ana viazi vitatu vilivyochongwa tumbo, au visanduku vitatu, anazungusha, chini ya kimoja kuna punje. Wakenya, hiyo ni PATA POTEA. Watanzania, ni karata tatu kwa sura nyingine. Wahispania huwaita *trileros*.

Inavyokwenda: wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Mmoja anajifanya mtalii mlevi, mwingine mwanamke anayeshangilia, wawili wako kona za mbali kuangalia polisi. Unapoweka noti, punje haipo chini ya kiazi chochote; iko kati ya vidole vyake. Ukilalamika, mlinzi anapiga kelele "polisi", wote wanatawanyika na noti yako. Hata kusimama kutazama ni kosa, kwa sababu wachomoaji hufanya kazi nyuma ya watazamaji.

Wa pili ni mwanamke wa maua anayekusogelea na kukushika mkono. Ua ni la bure, pochi ndiyo bei.

#9 Binti_Kisauni

Haya, tumeelewa. Mbali na kula na kuibiwa, cha kufanya ni nini cha bure?

#10 Soli_Imara

Mwanzo, Serra Gelada, mlima unaofunga Benidorm upande wa mashariki. Kwenye ramani nyingine utauona kama Sierra Helada. Majina mengi ya hapa yana sura mbili, ya Kivalensia na ya Kihispania, msidhani ni mahali pawili.

Njia rahisi: mnara wa taa wa Albir. Basi hadi Albir, kisha lami kama kilomita 2.5 kwenda na nyingine kurudi, hata kigari cha mtoto kinapita. Njia ya kati: Msalaba wa Benidorm, unapanda kwa lami kutoka Rincón de Loix, kama saa moja, nenda jua likizama uone maghorofa yakiwasha taa. Njia ngumu: kufuata mgongo wote wa mlima, kilomita 8 hivi za kupanda na kushuka pembeni ya magenge ya zaidi ya mita 300. Hakuna maji wala kivuli. Lita mbili kwa mtu, viatu vyenye soli ya kushika, na msiende Julai baada ya saa nne asubuhi. Ndala ndizo zinazowaangusha watu pale, mawe yamelegea.

Kilima cha Tossal, mwisho wa Poniente, kina magofu ya ngome ya Kirumi. Nusu saa inatosha.

Kisiwa kile cha pembetatu mbele ya mji: boti zinatoka bandarini, kama dakika 20. Si bure, ila tiketi ni ya kwenda na kurudi, na kwa kawaida unarudi na boti yoyote ya siku hiyo. Ulizeni ya mwisho ni saa ngapi kabla ya kushuka. Hakuna mchanga, ni mawe, vaeni viatu vya maji. Wenye miwani ya kuzamia ndio watakaofaidi.

#11 Reli_na_Barabara

Tramu pia ni burudani. Kuelekea Alicante, shukeni Villajoyosa (au La Vila Joiosa): nyumba za rangi kali mbele ya bahari, na kiwanda cha chokoleti cha Valor kilichoanza 1881, chenye makumbusho yake. Kagueni saa za kutembelea kabla.

Upande wa pili ni L9 kuelekea Dénia. Altea ni karibu tu. Mji mweupe juu ya kilima, kanisa lenye kuba za bluu, ufukwe wa kokoto. Calpe ni kwa ajili ya jabali la Ifach, mita 332. Hapa watu hukosea mara mbili. Stesheni ya Calpe iko mbali juu ya mji, hivyo hadi mguu wa jabali ni mwendo wa karibu saa nzima. Na kupita handaki kwenda kileleni kunahitaji nafasi uliyoiwekea mapema mtandaoni. Ni bure ila idadi ina kikomo. Baada ya handaki mawe yamesuguliwa na miguu hadi yanateleza kama sabuni.

Dénia, mwisho wa mstari, wanaanika pweza juani na upepo, kisha wanamchoma na kumkata vipande vyembamba. Mtu wa Kilwa au Lamu atajiona nyumbani. L9 haipiti mara nyingi kama L1, na mara nyingine kipande hufungwa kwa matengenezo abiria wakahamishiwa basi. Angalieni tangazo asubuhi ile ile.

Guadalest na maporomoko ya Algar ni milimani. Mabasi ni machache mno: angalia la kurudi kwanza, kisha ndipo upange la kwenda.

#12 Funguo_Mbili

Msimu. Agosti msiende kama mna hiari. Bei juu, mchanga hauonekani.

#13 Soli_Imara

Wenye watoto wa shule hawana hiari mkuu. Kwao wiki ya mwisho ya Juni ni bora: bahari ina joto la nyuzi 22 au 23, na hoteli hazijapanda hadi kilele.

#14 Funguo_Mbili

Sawa, Juni nakubali. Wasio na watoto: katikati ya Septemba hadi Oktoba mwanzoni. Maji bado ya vuguvugu kuliko Juni na bei zimeshuka. Ubaya wake ni mvua kali za ghafla za vuli. Simu ikilia king'ora cha ES-Alert (onyo la dharura la serikali), msitembee kwenye makorongo hata kama yamekauka. Baridi ya Januari mchana hufika nyuzi 17. Kutembea sawa, kuogelea ni kwa Wanorwei.

#15 Mla_Ngisi

Ufukweni: usiku wa manane hadi saa moja asubuhi hairuhusiwi kuogelea wala kulala mchangani, na kuacha kiti alfajiri ili kushika nafasi kunaweza kukugharimu kiti na faini. Mwavuli wako wa dukani wa euro 10 hadi 15 unalipa kuliko kukodi vitanda kila siku. Uchimbie theluthi ya mti wake na uuinamishe upande upepo unakotoka. Majani ya kahawia kama riboni si taka, ni nyasi bahari ya posidonia. Akikuuma konyeza, suuza kwa maji ya bahari, kamwe si ya bomba, na kwangua kwa ukingo wa kadi, usisugue na taulo.

Kadi nazo: mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa sarafu yako, chagua EURO daima. Kubadilishiwa pale pale ndiko kunakokata asilimia kadhaa kimyakimya. ATM za rangi kali kwenye vibaraza vya maduka ya watalii zina ada. Tumia za benki zenye tawi, na soma ada kwenye skrini kabla ya kukubali.

#16 Binti_Kisauni

La mwisho: ndege yetu ya kurudi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tramu ya kwanza inawahi?

#17 Reli_na_Barabara

Haiwahi, dada. Tazama kama kuna basi la ALSA la usiku kwa tarehe yenu. Kama halipo, mgawane teksi watatu na muiagize hotelini jioni yake. Au laleni Alicante usiku wa mwisho karibu na njia ya C6, halafu mthibitishe ratiba yake ya alfajiri kabla ya kulipa chumba.